Mwana-Kondoo Ameshinda: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Unabii wa Siku za Mwisho

Barua za safari hii karibu zote zinahusu vitabu viwili, Danieli na Ufunuo. Tumeanza na iliyohitaji jibu refu. Aya tunazotaja zitafuteni wenyewe, maana jibu lisilosimama juu ya Biblia iliyofunguliwa halitawafikisha mbali.

Swali: Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kikundi chetu cha Biblia kina watu kumi na wawili. Tulianza Ufunuo kwa hamu kubwa, lakini tulipofika sura ya 8 tukagawanyika pande tatu, na wengine hawaji tena. Tulikosea wapi? Tuanzeje upya? — Kiongozi wa kikundi

Jibu: Asifiwe, ndugu. Tunavyoona, kosa halikuanzia sura ya 8. Lilianza siku mlipofungua kitabu mkitaka kila tukio likae nyuma ya lililolitangulia, kama vituo vya safari. Kitabu chenyewe kinakataa kusomwa hivyo. Kina mifululizo mitatu ya hukumu, kila mmoja una saba: mihuri, baragumu na vitasa. Katika muhuri wa sita, kila mlima na kila kisiwa kinaondolewa mahali pake (6:14). Katika kitasa cha saba, visiwa vyote vinakimbia na milima haionekani (16:20). Kama hii ni kalenda, milima ya mara ya pili ilitoka wapi? Kwenye baragumu ya kwanza majani mabichi yote yanateketea (8:7), na kwenye baragumu ya tano nzige wanaambiwa wasiyadhuru majani ya nchi (9:4). Hapo ndipo vikundi hupasuka: mmoja anabuni maelezo ya kuokoa mpangilio wake, wa pili anabuni yake, wa tatu anafunga Biblia na kwenda zake.

Mihuri, baragumu na vitasa vinarudia safari ileile hadi kwenye hukumu ya mwisho, kila mara kwa uzito zaidi. Mihuri inagusa robo ya nchi (6:8), baragumu zinagusa theluthi (8:7–12), vitasa havibakizi kitu. Angalieni pia jinsi kila mfululizo unavyofungwa. Kwenye kiti cha enzi kunatoka umeme, sauti na ngurumo (4:5). Mwisho wa mihuri linaongezeka tetemeko la nchi (8:5), mwisho wa baragumu mvua ya mawe (11:19), na mwisho wa vitasa tetemeko lisilowahi kuonekana pamoja na mawe yenye uzito wa talanta (16:18–21). Tena, baragumu ya saba inapolia, mbinguni kunatangazwa kwamba ufalme wa dunia umekwisha kuwa ufalme wa Bwana wetu na wa Kristo wake (11:15). Hapo mko katikati tu ya kitabu! Mwisho umeshafika, na Yohana, mwandishi wa kitabu, anaanza tena kutoka upande mwingine. Wapo wafasiri waaminifu wanaoona mifululizo hii ikifuatana kwa zamu, nao ni ndugu zetu. Ila aya hizi huwalazimu kujieleza sana.

Kuhusu kuanza upya, pangeni mikutano minane. Wa kwanza, someni kitabu chote kwa sauti, sura zote 22, mkipokezana, bila mtu kufafanua lolote. Itachukua kama saa moja na robo. Wengi huruka hatua hii wakidhani ni kupoteza muda, na ndiyo tunayoisisitiza kuliko zote: baraka ya 1:3 ni ya asomaye na ya wale wasikiao, maana kitabu hiki kiliandikwa kisomwe mbele ya makanisa. Wa pili, sura ya 1, kisha 4 na 5. Msiondoke sura ya 5 mpaka kila mmoja ameona kilichotokea: Yohana anasikia habari za Simba wa kabila la Yuda aliyeshinda, anageuka kutazama, na anachokiona ni Mwana-Kondoo aliyesimama kana kwamba amechinjwa. Hapo ndipo kitabu kizima kinaposhikwa. Ushindi wa Mungu ulipatikana msalabani, na kila sura inayofuata inasema ushindi huo unafikaje kila pembe ya uumbaji.

Wa tatu, sura ya 12. Wa nne, barua za sura ya 2 na 3. Wa tano, sura ya 6 hadi 11 pamoja na 15 na 16. Andikeni mihuri, baragumu na vitasa kwenye safu tatu za karatasi kubwa moja ili mlinganishe kwa macho. Wa sita, sura ya 13 na 14, mkizisoma kama kurasa mbili zinazotazamana. Wa saba, Babeli, kutoka 17:1 hadi 19:10. Wa nane, sehemu yote iliyobaki.

Mkikutana na mfano msioujua, tafuteni kwanza kama Yohana ameufasiri mwenyewe. Nyota na vinara amevieleza 1:20, uvumba 5:8, joka 12:9, maji mengi 17:15, kitani nzuri 19:8. Kama hakuufasiri, nendeni Agano la Kale. Mapigo yanatoka Kutoka 7 hadi 12, farasi Zekaria 1 na 6, wale wenye uhai wanne Ezekieli 1, mnyama wa sura ya 13 Danieli 7. Magazeti na habari za simu ziwekwe nje ya chumba mpaka mkutano wa nane uishe. Swali la "mnyama ni nani?" likija siku ya kwanza, liandikeni pembeni, mlijibu mkutano wa sita. Kikundi kinachoanza na mnyama mara nyingi hakimfikii Mwana-Kondoo.

Swali: Mume wangu amefuata mafundisho yanayosema Bwana anarudi mwezi fulani mwakani. Hesabu imetoka Danieli, inaonekana imekamilika kabisa. Sasa anataka kuacha kazi. Nimjibu nini? — Mke mwenye wasiwasi

Jibu: Pole, dada. Usianze kwa kumdhihaki. Anayetamani kumwona Bwana ana tamaa njema. Mkague hesabu pamoja.

Hesabu za namna hii zina viungo vitatu: mwaka wa kuanzia, kanuni ya kugeuza siku kuwa miaka, na jumla. Jumla huwa sahihi, ndiyo maana inashawishi. Udhaifu uko kwenye viungo viwili vya kwanza. Mfano unaojulikana sana ni wa William Miller huko Marekani. Alichukua jioni na asubuhi 2,300 za Danieli 8:14, akazihesabu kuwa miaka, akaanzia mwaka 457 kabla ya Kristo, wakati wa amri ya Artashasta, mfalme wa Uajemi, katika Ezra 7. Akapata 1843. Mwaka ukapita. Ikagundulika kwamba hakuna mwaka sifuri kati ya mwaka 1 kabla ya Kristo na mwaka 1 baada yake, hivyo jumla ikasogea hadi 1844, na wafuasi wake wakaishika tarehe 22 Oktoba. Ikapita nayo, na maelfu wakalia. Baadhi ya waliobaki walikuja kuwa Waadventista wa Sabato, ambao wanaueleza mwaka ule kwa namna nyingine na hawaweki tarehe ya Bwana kurudi. Harold Camping, mhubiri wa redio, alitangaza 21 Mei 2011. Mwaka uliofuata alikiri kwamba kuweka tarehe kulikuwa dhambi.

Kwa hiyo muulize mumeo kwa upole: nani ameamua mwaka wa kuanzia, na je, Danieli mwenyewe ameutaja? Katika Danieli 8 malaika anataja wazi Umedi na Uajemi (aya ya 20) na Uyunani (aya ya 21), na wafasiri wengi wanaona hekalu lililonajisiwa na Antioko, mfalme wa Siria, mwaka 167 kabla ya Kristo na kutakaswa mwaka 164. Halafu muulize ni aya gani inayosema siku za sura hiyo ni miaka. Ataletewa Hesabu 14:34 na Ezekieli 4:6. Azisome vizuri: pale Mungu anasema mwenyewe kwamba siku moja ni mwaka, kwa jambo lile. Katika Danieli 8 hakusema.

Juu ya yote hayo yako maneno ya Bwana, kwamba habari ya siku ile na saa ile hakuna aijuaye "ila Baba peke yake" (Mathayo 24:36). Wengine hujibu kwamba mwezi na mwaka havikutajwa. Wasome Matendo 1:7: si kazi yetu kujua nyakati wala majira. Hapo hakuna mwanya.

Na kazi asiiache. Wathesalonike walitishwa kwa habari kwamba siku ya Bwana imekwisha kuwapo (2 Wathesalonike 2:2), na katika barua hiyohiyo Paulo anawakemea wasiofanya kazi, akiwaagiza watende kazi kwa utulivu na kula chakula chao wenyewe (3:10–12). Mwombe akubali jambo moja tu: asiuze kitu, asisaini kitu, asiache kazi hadi siku inayofuata tarehe hiyo. Kama Bwana amekuja, hatakuwa amepoteza chochote. Mwalimu anayekataa ombi dogo kama hilo amejionyesha.

Swali: Nimeogopa kuchukua kitambulisho kipya chenye namba. Wengine wanasema 666 imefichwa humo. Nitajuaje? — Msomaji

Jibu: Soma aya iliyo mbele ya hofu yako. Mara tu baada ya Ufunuo 13:18, katika 14:1, wanaonekana watu 144,000 wenye jina la Mwana-Kondoo na la Baba yake kwenye vipaji vya nyuso zao. Chapa ziko mbili: hii, na ile ya mnyama yenye namba 666. Hakuna anayetafuta jina la Baba kwa kumulika ngozi ya mtu. Basi na chapa ya pili isomwe kwa kipimo hichohicho. Inasema mtu ni mali ya nani. Mkono na kipaji cha uso vinatoka Kumbukumbu la Torati 6:8, ambako maneno ya Mungu yanafungwa mkononi na kuwekwa kati ya macho: kazi zako na fikra zako ni za nani?

Kuhusu namba yenyewe, Wayahudi na Wayunani waliandika tarakimu kwa herufi, kwa hiyo kila jina lilikuwa na jumla yake. "Neron Kaisari", yaani Nero, mtawala wa Rumi, kwa herufi za Kiebrania ni 50, 200, 6, 50, kisha 100, 60, 200. Jumlisha: 666. Ondoa nuni, ile herufi ya mwisho ya Neron yenye thamani ya 50, kama Walatini walivyolitamka jina hilo, unapata 616, na kweli zipo nakala za kale zenye 616. Irenaeus, askofu wa karne ya 2, alizijua akazikataa. Wasomaji wa kwanza wa Ufunuo waliishi chini ya dola iliyotaka Kaisari aabudiwe. Dola za namna hiyo zimerudi mara nyingi na zitarudi, na wengi wanangoja moja ya mwisho iliyo mbaya kuliko zote. Lakini katika sura ya 13 chapa inakwenda pamoja na kumsujudia mnyama. Rudia aya ya 15 hadi 17. Hakuna anayeipokea kwa kupitiwa, foleni ikiwa ndefu. Kitambulisho kisichokudai umkane Kristo kichukue. Siku utakapodaiwa umkane, kataa hata kama hakuna namba yoyote kwenye karatasi.

Swali: Nimemzika mama yangu miezi miwili iliyopita. Alimngoja Bwana maisha yake yote. Je, amekosa kumwona akija? — Binti yake

Jibu: Pole sana, dada yetu. Hilo ndilo swali la Wathesalonike, na Paulo aliwajibu katika 1 Wathesalonike 4:13–18. Waumini wao walikuwa wamekufa kabla ya Bwana kurudi, nao wakadhani wamepitwa. Jibu lake limepangwa kwa makusudi. Sisi tulio hai hatutawatangulia waliolala (aya ya 15). Waliokufa katika Kristo watafufuliwa kwanza (16). Halafu sisi "pamoja nao" (17). Katika siku ile mama yako yuko mbele yako kwenye mstari.

Na litazame neno "tumlaki". Neno hilohilo la Kiyunani ndilo la wanawali waliotoka kumlaki bwana arusi (Mathayo 25:6), na la ndugu waliotoka Rumi hadi Soko la Apio kumlaki Paulo (Matendo 28:15). Kote huko wanaotoka wanarudi na mgeni wao wakimsindikiza kuingia. Ndiyo maana sisi tunaielewa aya hii kuwa mapokezi ya Mfalme anayekuja kwake. Ndugu wanaofundisha unyakuo wa siri kabla ya dhiki, yaani kwamba waumini watachukuliwa mbinguni kimya kimya kabla ya mateso makuu, wanaona tofauti, ila hata wao wanakubali waliolala hawaachwi.

Paulo hakuwakataza kulia. Aliwaambia wasihuzunike kama wasio na matumaini, akawaagiza wafarijiane kwa maneno hayo. Kwa hiyo lia. Ukipata nguvu, isome 1 Wakorintho 15 yote kwa kikao kimoja, polepole, na ukifika aya ya 26, "Adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti," usikimbilie ya 27. Mauti yameitwa adui. Hulazimiki kuyaita rafiki mbele ya mtu yeyote, hata mbele ya wafariji.

Swali: Vita vya Har-Magedoni vitapiganwa wapi, na nchi zipi zitakuwemo? — Mpenzi wa unabii

Jibu: Jina hilo linapatikana mara moja tu katika Biblia, Ufunuo 16:16. Kwa Kiebrania linasikika kama "mlima wa Megido", lakini Megido ulikuwa mji kando ya uwanda, na mlima wenye jina hilo haujulikani. Ulikuwa mahali pa vita vya kukumbukwa: karibu na maji ya Megido Sisera alishindwa (Waamuzi 5:19), na huko mfalme Yosia aliuawa (2 Wafalme 23:29). Yohana anachukua jina lenye historia hiyo yote.

Lakini ungetafuta mapigano yenyewe, usingeyapata. Katika 16:16 majeshi yanakusanywa, halafu kitasa cha saba kinamiminwa na sauti inasema, "Imekwisha kuwa." Katika 19:11–21 majeshi yanasimama, mnyama anakamatwa, na silaha pekee inayotajwa ni upanga utokao kinywani mwa Yeye aliyepanda farasi. Vazi lake limechovywa katika damu kabla pigo lolote halijapigwa (aya ya 13), na wengi wetu tunaamini ni damu yake mwenyewe. Wengine, wakifuata Isaya 63, wanasema ni ya adui zake. Orodha ya nchi haimo.

Swali: Miaka elfu ya Ufunuo 20 ni halisi au mfano? — Mwanafunzi wa Biblia

Jibu: Imetajwa mara sita, aya ya 2 hadi ya 7, na hakuna kwingine katika Biblia utawala huu unapopewa muda huo. Kuna misimamo mitatu ya zamani: Kristo anarudi kabla ya miaka hiyo, au ni wakati huu wa Kanisa, au Injili itastawi muda mrefu ndipo arudi. Kote mwisho ni uleule: Shetani anatupwa, wafu wote wanasimama mbele ya kiti cheupe, na mauti yenyewe yanatupwa katika ziwa la moto (20:14). Msivunje ushirika kwa ajili ya aya sita.

Swali: Mji ule wa dhahabu, tunauendea au unatujia? — Mzee wa kanisa

Jibu: Mji huo, Yerusalemu mpya, unashuka, mzee wetu (Ufunuo 21:2). Vipimo vyake vinastahili kutazamwa: stadia 12,000 kwa urefu, upana na kwenda juu, yaani kama kilomita 2,200 kila upande. Umbo la pande zote sawa linapatikana pengine penye umuhimu mkubwa katika Maandiko: Patakatifu pa Patakatifu pa hekalu la Sulemani, dhiraa 20 kila upande (1 Wafalme 6:20). Alipokuwa akiingia kuhani mkuu peke yake, siku moja kwa mwaka, sasa pamekuwa mji mzima wenye malango kumi na mawili yasiyofungwa. Ndiyo maana Yohana hakuona hekalu ndani yake (21:22).

Swali: Shikamooni watumishi. Nimechumbiwa, na harusi yetu ni mwakani. Kila tunapoimba "njoo, Bwana Yesu", moyo wangu unasema "ngoja kidogo". Nimepotoka? — Binti anayesubiri

Jibu: Marahaba, binti yetu. Hujapotoka; umesema kweli, na wengi wanaoimba kwa nguvu wana "ngoja kidogo" yao pia.

Hatutakuficha maneno ya Bwana kwamba katika ufufuo watu hawaoi wala hawaolewi (Mathayo 22:30). Ila usiyasome kana kwamba Mungu atakunyang'anya zawadi. Paulo anasema ndoa inabeba siri ya Kristo na Kanisa (Waefeso 5:32). Kivuli kinapokoma kwa sababu mwenyewe amewasili, hakuna aliyepata hasara. Na uzuri wa dunia hii hautupwi wote: wafalme wataleta utukufu wao ndani ya mji ule, na utukufu na heshima ya mataifa utaletwa humo (Ufunuo 21:24–26). Baada ya sura nzima ya ufufuo, Paulo anamalizia kwa kuwaambia Wakorintho kwamba taabu yao si bure katika Bwana (1 Wakorintho 15:58). Nyumba mnayoijenga nyinyi wawili, mkiijenga katika yeye, imo katika ahadi hiyo.

Kwa hiyo endelea na maandalizi. Ukiomba, usijilazimishe kusema usichokihisi. Mwambie Bwana yote mawili, kwamba unaitamani siku yako na unajifunza kuitamani yake. Ufunuo 22:17 unasema Roho na Bibi-arusi wanasema, "Njoo!", na Roho ndiye anayetangulia kusema, sauti yako itamfuata taratibu. Na mtakapopanga ibada ya harusi, mwombeni mchungaji asome Ufunuo 19:6–9, ile karamu ya arusi ya Mwana-Kondoo, kabla wageni hawajaketi kula.